Je, Matatu za Nyeri Zinaweza Kuacha Mafuta?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo ambao hoja yake ilikuwa, "Magari ya mafuta yamepitwa na wakati." Watetezi wa hoja walisema kwamba dunia nzima inaelekea kwenye magari ya stima na sisi tusibaki nyuma. Wapinzani nao wakauliza kama stima hii hii inayopotea mvua ikinyesha ndiyo itakayopandisha matatu kutoka Sagana hadi Nyeri ikiwa na abiria kumi na wanne na magunia ya viazi juu. Watu walicheka sana, kengele ikalia, na jambo lenyewe halikuamuliwa.

Nimeonelea ni vyema kulieleza hapa kwa utaratibu, nikitumia hesabu zile zile tunazofunzwa katika somo la fizikia na kemia. Sitaki kumshawishi mtu kwa maneno matamu. Nitaweka mambo mezani, kisha kila msomaji ajiamulie.

MAFUTA HUTOKA WAPI?

Petroli na dizeli zote tunazotumia nchini huagizwa kutoka ng'ambo zikiwa tayari zimesafishwa. Zamani tulikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta pale Changamwe, Mombasa, lakini kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Meli huteremsha mafuta Mombasa, bomba ambalo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1978 huyasukuma hadi Nairobi, kisha malori huyabeba hadi Karatina, Nyeri, Nanyuki na kwingineko. Kwa hivyo lita moja ya petroli inayouzwa hapa mjini imesafiri safari ndefu kuliko wengi wetu tuliowahi kusafiri.

Wengine watasema mbona tuna mafuta yetu Turkana. Ni kweli yaligunduliwa mwaka 2012. Lakini mafuta ghafi hayatiwi kwenye tangi la gari. Ni lazima yachimbwe, yasafirishwe na yasafishwe, na bei yake hufuata soko la dunia vile vile.

Soko hilo halituulizi sisi. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, bei zilipanda kila mahali. Mnamo Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza hapa Kenya. Mafuta yakipanda, nauli hupanda, na mama anayeleta kabeji sokoni Karatina hupandisha bei ili apate ya kulipa gari. Hata mtu ambaye hajawahi kumiliki baiskeli hulipia mafuta kila siku kupitia kwa sukuma wiki anayonunua.

MOSHI NI NINI HASA?

Katika kemia tumejifunza kwamba petroli na dizeli ni hidrokaboni, yaani zimeundwa kwa kaboni na hidrojeni. Zikiungua ndani ya injini, kaboni hushikana na oksijeni ya hewa na kuwa kaboni dioksidi, nayo hidrojeni huwa maji. Zisipoungua vizuri, hutoa pia masizi na kaboni monoksidi ambayo ni sumu. Ule moshi mweusi unaotoka kwenye lori la zamani likipanda mlima ni kaboni ambayo haikupata oksijeni ya kutosha.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740 tu, lakini ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Inawezekanaje kitu kitoe uzito mara tatu yake? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito huo ni oksijeni iliyotoka hewani. Injini hunywa petroli na pia hunywa hewa.

Gesi hiyo ikizidi angani huzuia joto la dunia kutoka. Sisi watu wa hapa hatuhitaji kwenda mbali kuona dalili. Mwenye macho haambiwi tazama. Halford Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, barafu ilikuwa nyingi kuliko sasa. Barafu ya Lewis, ambayo ndiyo iliyopimwa zaidi na wataalamu, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Wazee wetu waliuita mlima huu Kirinyaga na waliuelekea walipoomba. Huenda wajukuu wetu wakauona ukiwa jiwe tupu.

INJINI NA MOTA

Wengi hudhani gari la stima ni kitu kipya. Sivyo. Michael Faraday alionyesha mwaka 1821 kwamba stima inaweza kuzungusha waya, na kufikia mwaka 1900 karibu theluthi moja ya magari ya Marekani yaliendeshwa kwa stima. Yalishindwa baadaye kwa sababu betri zilikuwa nzito, petroli ikawa rahisi, na starta ya stima iliyovumbuliwa yapata mwaka 1912 ikaondoa taabu ya kuzungusha injini kwa mkono.

Tofauti kubwa kati ya injini na mota ni ufanisi. Injini ya petroli hugeuza karibu robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki hupotea kama joto kupitia kwa rejeta, ekzosi na msuguano. Ukitaka ushahidi, simama karibu na boneti ya matatu iliyotoka Nairobi. Mota ya stima hugeuza karibu asilimia 90 ya nishati kuwa mwendo.

Kwa lugha ya mfukoni, ukinunua petroli ya shilingi 1,000, ni kama shilingi 250 ndizo zinazokusukuma. Shilingi 750 zinapasha moto barabara.

HESABU YA MLIMA WA SAGANA

Sasa tuangalie lile swali la wapinzani. Kutoka Sagana hadi Nyeri mjini, barabara hupanda kwa takriban mita 500 na kidogo zaidi. Tuchukue 500. Matatu iliyojaa watu na mizigo tuseme ni kilo 3,000. Kazi ya kuinua kitu ni uzito mara nguvu ya mvutano mara kimo:

3,000 × 10 × 500 = jouli 15,000,000.

Namba hii inatisha, lakini uniti moja ya stima, ile tunayonunua kwa tokeni, ni jouli 3,600,000. Ukigawanya utapata uniti 4.2 hivi. Hiyo ndiyo kazi yote ya kuinua matatu nzima kutoka Sagana hadi Nyeri, mbali na msuguano wa magurudumu na upepo.

Mota yenye ufanisi wa asilimia 90 itahitaji uniti 4.6 kutoka kwa betri. Injini yenye ufanisi wa robo itahitaji nishati ya uniti 16.8, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina nishati ya uniti kama 9, hiyo ni karibu lita 1.9. Tukiweka petroli kuwa shilingi 180 kwa lita, injini itatumia zaidi ya shilingi 330 kwa huo mlima pekee. Tukiweka stima kuwa shilingi 30 kwa uniti, mota itatumia shilingi 138.

Aidha kuna jambo lingine ambalo lilinifurahisha sana nilipolielewa. Matatu ya petroli ikiteremka kurudi Sagana, dereva hukanyaga breki na nishati yote ile ya mlimani hugeuka kuwa joto na harufu ya breki inayoungua. Gari la stima likiteremka, mota yake hugeuka kuwa dainamo, kama ile ya baiskeli, na kurudisha sehemu ya stima kwenye betri. Kwa hivyo milima yetu, ambayo wapinzani waliitaja kama kizuizi, si kizuizi kikubwa walivyodhani.

ABIRIA WASIOLIPA NAULI

Hapo watetezi wasianze kupiga makofi, kwa maana shida ya kweli iko mahali pengine. Iko kwenye betri.

Kilo moja ya petroli ina nishati ya uniti 12 hivi. Kilo moja ya betri ya lithiamu iliyo ndani ya gari hubeba kama uniti 0.15. Hiyo ni tofauti ya mara themanini! Hata ukikumbuka kwamba injini hupoteza robo tatu, bado petroli inashinda kwa zaidi ya mara ishirini kwa kila kilo.

Tuchukue matatu yenye tangi la lita 40. Mafuta hayo yana uzito wa kilo 30 hivi. Betri ya kufanya kazi sawa na hiyo ingehitaji kubeba uniti 100, na uzito wake ungekuwa zaidi ya kilo 650. Mtu mzima tukimweka kilo 65, hao ni abiria 10 ambao hawalipi nauli na hawashuki kamwe.

Lakini je, matatu inahitaji tangi lote kwa safari moja? Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi. Matatu inayokwenda kilomita 10 kwa lita hutumia lita 15. Kwa stima ni uniti 37 au 38. Ukiongeza akiba ya foleni na mlima utahitaji betri ya uniti 50, yenye kilo 330 hivi. Hapo abiria wasiolipa wamepungua hadi 5, na kumbuka injini, giaboksi na tangi vimeondolewa, navyo vilikuwa na uzito wao. Kwa safari fupi kama Nyeri hadi Karatina, Othaya au Mweiga, betri ndogo zaidi inatosha.

Kisha kuna suala la muda. Kujaza petroli ni dakika tano. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 3 hivi, kwa hivyo betri ya uniti 50 ingechukua saa 16 au 17 kujaa. Hakuna mwenye matatu atakayekubali. Mashine ya kuchaji ya kilowati 50 ingemaliza kwa saa moja, ambayo ni kama muda ambao matatu hukaa kwenye steji ikingoja zamu ya kubeba. Lakini matatu 20 zikichaji pamoja kwenye steji moja, hizo ni kilowati 1,000, yaani megawati 1. Kituo kidogo cha maji cha Sagana, kilichojengwa miaka ya 1950, kina uwezo wa megawati 1.5. Hebu fikiria: kituo kizima kingeweza kuchaji matatu 30 tu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo gari laweza kununuliwa leo, lakini waya, transfoma na mashine za kuchaji ndizo zitakazochelewesha safari.

STIMA YENYEWE NI SAFI?

Mpinzani mmoja aliuliza swali zuri: ikiwa stima inatengenezwa kwa kuchoma mafuta, si tumehamisha moshi tu kutoka barabarani hadi kwenye kiwanda? Ni kweli. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe, faida ya gari la stima huwa ndogo. Lakini kwetu mambo ni tofauti. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Mvuke huchimbwa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza mwaka 1981. Siku hizi mvuke ndio unaoongoza, ukitoa karibu uniti 4 katika kila 10. Upepo wa Loiyangalani kule Marsabit huzungusha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Hata hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina taasisi inayofunza mambo ya mvuke wa ardhini, kwa hivyo anayetaka kazi hiyo haina haja aende ng'ambo.

Maji nayo ni yetu. Mito inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua hujaza Mto Tana, na mto huo huzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere mmoja baada ya mwingine. Mto Gura, unaotoka Nyandarua, una kituo kidogo kinachosaidia viwanda vya majani chai. Tone lile lile linalopita nyuma ya shamba la babu huenda likawasha taa Nairobi.

Hapa ndipo msitu unapoingia. Mito haitegemei barafu peke yake, bali zaidi mvua na msitu unaoshika maji na kuyaachilia polepole. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipopunguza maji kwenye mabwawa, stima iligawanywa kwa zamu nchi nzima. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe huko Tetu, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wengine walidhani anapanda miti tu. Kumbe alikuwa akilinda pia stima yetu. Anayekata msitu wa Nyandarua anakata waya.

Sasa kuhusu kupotea kwa stima. Siwezi kuwaambia wapinzani kwamba wanaota. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Vilevile jioni, watu wote wanapopika na kuwasha taa na runinga, stima huwa haba. Mwaka 2025 mahitaji ya jioni yalivuka megawati 2,300. Lakini usiku wa manane watu wakilala, mahitaji hushuka na mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa hewani bure. Ndiyo sababu mwaka 2023 bei maalum ya kuchaji magari iliwekwa: shilingi 16 kwa uniti wakati wa kawaida na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Matatu zinazolala usiku kwenye yadi ni wateja wanaofaa kabisa kwa stima hiyo inayopotea.

WALIOKWISHA KUANZA

Mambo haya si ndoto. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kuweka mabasi ya stima kwenye barabara za Nairobi, yanayoweza kwenda kilomita 250 hivi kwa chaji moja. Baadaye mabasi yakaanza kuunganishwa Thika. Mwenye gari hununua basi, lakini betri hulipia kwa kadiri ya kilomita anazokwenda, kwa sababu betri ndiyo ghali zaidi. Kampuni ya Roam ilifungua kiwanda cha pikipiki za stima Nairobi mwaka 2023. Spiro na Ampersand hutumia njia ya kubadilishana betri: mwendeshaji huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache tu, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi.

Kwa maoni yangu, nduthi ndizo zitakazoacha mafuta kwanza. Binamu yangu ni mwendeshaji wa bodaboda huko Mukurwe-ini. Huenda kilomita 120 hivi kwa siku na hutumia lita 3 za petroli. Kwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 540. Pikipiki ya stima hutumia uniti 4 hadi 5 kwa mwendo huo. Hata kwa shilingi 30 kila uniti ni shilingi 150. Ukiongeza kodi ya betri faida hupungua, lakini haiishi. Tena hakuna kubadilisha oili wala spaki plagi.

Nilipompigia hesabu hiyo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, "Hesabu yako ni sawa, lakini mimi nina mkopo wa hii ya petroli mpaka mwaka ujao. Na hiyo betri yako nitabadilisha wapi huku kijijini?" Nilikosa la kumjibu, na nadhani swali lake ni zito kuliko mengi yaliyoulizwa kwenye mdahalo. Vituo vya kubadilisha betri hujengwa kwanza mahali penye pikipiki nyingi, nazo pikipiki hununuliwa mahali penye vituo. Vijiji vya milimani hubaki vikingoja.

NANI ATAUMIA?

Si haki kueleza faida peke yake. Kwanza ni mafundi wa jua kali. Gari la stima halina kabureta, plagi, klachi wala ekzosi. Fundi aliyejifunza injini kwa miaka ishirini atafanya nini? Breki, magurudumu na sasipensheni zitabaki, lakini lazima afunzwe mota na betri, la sivyo kazi itakwenda kwa mafundi wa kampuni huko Nairobi. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu vinapaswa kuanza sasa, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili ni barabara. Kila anayenunua lita moja ya mafuta hulipa ushuru wa kutunza barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Gari la stima halinunui mafuta, kwa hivyo halilipi ushuru huo, ingawa linakanyaga barabara ile ile. Magari hayo yakiwa machache hakuna shida. Yakiwa mengi, serikali itabidi itafute njia nyingine, na huenda faida niliyoipiga hesabu hapo juu ikapunguzwa.

Tatu ni betri zenyewe. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa eneo la Kolwezi, na kuna watoto wa rika letu na wadogo zaidi wanaochimba kwa mikono. Moshi usitoke Nyeri kwa jasho la mtoto wa Kongo. Bahati nzuri, siku hizi kuna betri za chuma na fosfeti zisizohitaji kobalti, nazo hutumika kwenye mabasi na pikipiki nyingi. Hata hivyo, betri ikizeeka haifai kutupwa shimoni kama takataka. Nyingi bado huweza kuhifadhi stima ya sola nyumbani, kisha madini yake yatolewe na kutumiwa tena.

YASIYOWEZEKANA BADO

Kuna kazi ambazo betri bado hazijaziweza vizuri. Lori la tani nyingi kutoka Mombasa litabeba betri nyingi mno. Trekta la ngano kule Timau hufanya kazi kutwa shambani mbali na stima. Ndege kubwa ndiyo ngumu zaidi, kwani kila kilo huhesabiwa. Wengine wanatafiti hidrojeni, ambayo ikitumika hutoa maji tu, lakini kuitengeneza kwa stima na kuihifadhi hupoteza zaidi ya nusu ya nishati. Miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kuchanganya petroli na pombe ya molasi kutoka Muhoroni, lakini mradi huo ulikufa kwa sababu ya bei.

Kwa mizigo mizito kuna dawa ya zamani: gari moshi. Reli ilifika Nanyuki mnamo mwaka 1930, ikalala kwa miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020. Gari moshi hilo hutumia dizeli, lakini gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo, kwa hivyo hubeba tani moja kwa mafuta machache kuliko lori. Tusisahau pia mkokoteni wa punda na baiskeli. Hizo hazijawahi kutoa moshi hata siku moja, na hakuna aliyezipigia makofi.

MAONI YANGU

Nikijumlisha yote, naona hoja ya mdahalo ilikuwa na haraka kidogo. Magari ya mafuta hayajapitwa na wakati, lakini wakati unayafikia, na hautayafikia yote siku moja. Bodaboda na matatu za safari fupi zinaweza kuacha mafuta katika miaka ambayo sisi tutakuwa tukitafuta kazi. Matatu za Nairobi zitafuata mashine za kuchaji zikiwekwa Nyeri, Karatina na Sagana. Malori, matrekta na ndege zitachelewa.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Serikali za kaunti za huku mlimani zisaidie kuweka vituo vya betri katika vituo vya soko, si mijini peke yake, na benki zikubali kubadilisha mkopo wa pikipiki ya petroli kuwa wa pikipiki ya stima bila kumwadhibu mwenye deni. Mafundi wafunzwe kabla kazi hazijapotea. Nao msitu wa Mlima Kenya na Nyandarua ulindwe kama tunavyolinda mtambo wa stima, maana ndivyo ulivyo.

Kwenu wanafunzi wenzangu, nimepiga hesabu hizi kwa kalamu na kikokotoo cha kawaida. Walio na namba bora wazilete, walimu wetu wa fizikia watusahihishe, na tukutane kwenye mdahalo ujao tukiwa na hoja nzito kuliko vicheko.